Jambo Waliloafikiana

Kwa miaka kumi na tisa nilipika kwenye misiba ya Ipogolo, ya Waislamu na ya Walutheri. Kamati ya dini zote ilisema mkono wangu hauna dini. Mume wangu Twaha alikuwa Mwislamu, mimi Mlutheri. Hatukufunga ndoa, kwa kuwa kila upande ulitaka yule wa upande wa pili abadili dini kwanza.

Twaha alipofariki nilikaa mkekani kama mfiwa. Shehe na mchungaji wakasimama pembeni ya turubai, wakinizungumzia, na nilisikia yote.

"Kwetu hakuna nikahi. Hawezi kukaa eda," alisema shehe.

"Na kwetu hana cheti," mchungaji akajibu. "Hapo tuko pamoja, shehe wangu."

Wakapeana mikono. Miaka yote walikuwa wakigombania kipaza sauti na kisu cha kuchinjia. Jambo la kwanza kuafikiana bila kikao lilikuwa kwamba mimi si mjane.

Wasifu ukasomwa. Marehemu ameacha watoto watatu. Aliyewazaa hakutajwa.

Watu waliporudi kutoka makaburini, dada yake Twaha, Mwanaidi, akanigusa bega. Siku zote aliniita wifi.

"Mpishi, toka mkekani," alisema. "Wali walioubandika majirani unaungua, na wageni wamerudi."

"Mwambie mpishi akauepue. Hapa amekaa mke wa marehemu," nikamjibu.

Sikuinuka. Wali uliungua mpaka moshi ukaingia ndani. Wakaula hivyohivyo, shehe na mchungaji katika sinia moja, wakikohoa.