Bwana Utangulizi

Wenzake idarani walimwita Bwana Utangulizi, naye alicheka pamoja nao, kwani anayenuna huchekwa maradufu. Kwa miaka saba alikuwa mhadhiri msaidizi, na kwa miaka hiyo yote tasnifu yake haikuvuka sura ya kwanza, aliyokuwa ameiandika mara saba.

Kisa ni warsha. Chuoni kwao tasnifu haipokelewi bila muhuri wa warsha ya uandishi wa kitaaluma, na muhuri huo hukaa mwaka mmoja tu. Warsha ni siku tatu, na kila mwezeshaji huanzia utangulizi, wala hafiki mbali. Mmoja alimwambia utangulizi wake ni mrefu. Aliyefuata akauona mfupi. Wa tatu alitaka uanze na swali. Wa nne akalipiga mstari swali lenyewe. Naye, mtiifu kama mtoto wa chekechea, kila mara alirudi nyumbani kuuandika upya. Madodoso mia mbili, aliyowajazisha wazazi kuhusu masomo ya watoto wao, yalilala kwenye sanduku chini ya kitanda. Baadhi ya watoto hao sasa wameota ndevu.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "utabisha hodi mpaka lini? Si uingie!"

Mwaka huu msimamizi wake alimaliza maneno: "Niletee sura ya matokeo Ijumaa, saa kumi. Usipoileta, jina lako linafutwa."

Warsha ya nane ikaangukia siku hizo hizo. Akaenda na madodoso kwenye mkoba, akaketi nyuma kabisa, penye feni mbovu, na huku mbele wakijadili utangulizi, yeye akaandika matokeo. Mama mmoja alikuwa amejaziwa dodoso lake na jirani: *Mimi kusoma sijui, lakini nakaa karibu naye mpaka amalize.* Akayanakili maneno hayo. Hapo kalamu ikashika njia. Ijumaa mchana zilibaki kurasa nne.

Ndipo mkuu wa idara akachungulia mlangoni.

"Mwezeshaji kapata udhuru. Bwana Utangulizi, njoo mbele utushikie kipindi."

"Mkuu, nina sura ya kuwasilisha saa kumi, la sivyo nafutwa..."

"Nani anaujua utangulizi kukushinda wewe?" Ukumbi ukaangua kicheko. "Na usipofundisha, muhuri wako nagongea wapi? Halafu, ndugu yangu, kufutwa kunakutisha nini? Nitaandika barua leo hii kwamba wewe ni mwezeshaji wa idara. Mwezeshaji hafutwi."

Alitazama kurasa zake, akatazama mlango. Mkuu alikuwa amesimama papo hapo mlangoni, akitabasamu kwa wema kabisa. Naye akainuka. Miguu ikampeleka mbele, na alipofungua kinywa maneno yalimtoka yenyewe, laini, yamepangika, bila kukwama hata mara moja. Watu wakaandika. Wakauliza maswali, akajibu. Saa kumi ikapita akiwa katikati ya jibu.

"Umezaliwa kwa kazi hii!" mkuu alisema, akimpa mkono. "Warsha ijayo ni yako. Na zitakazofuata."

Alitaka kusema hapana. Alilitafuta neno hilo ulimini, akalikosa.

"Tunaanza saa ngapi, mkuu?" akauliza.