Ngazi, Mia Tatu na Kumi na Nane

Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha jiko, shangazi alikuwa anachukua kikombe cha bati chenye maji ya uvuguvugu, anatia chumvi kidogo, anatoka nje kusukutua koo. Anainua uso juu, maji yananguruma kooni kama pikipiki iliyogoma kuwaka, kisha anatema kwenye shina la mpapai. Halafu anasimama pale pale na kuita, si kwa nguvu, "Namba moja. Namba mbili. Namba tatu." Akiridhika anaingia ndani. Akisikia mkwaruzo anarudia chumvi. Bibi, yaani mama yake, alikuwa anamjibu kutoka kitandani, "Namba mbili ameshakufa, mwite wa tatu." Wanacheka wote wawili. Utani huo niliukuta nyumbani, sijui ulianza lini.

Shangazi alikuwa anaita wagonjwa kwenye zahanati. Aliajiriwa kufagia, lakini karani wa dirishani alikuwa na sauti ya mbu, watu wakawa hawasikii, wanapitwa na zamu, ndipo Daktari akamwambia shangazi aweke ufagio chini ajaribu yeye. Akajaribu miaka kumi na miwili.

Kadi za foleni zilikuwa vipande vya boksi vilivyoandikwa namba kwa wino. Zilikuwa zimeshikwa na mikono yenye jasho mpaka sita na tisa zikawa kitu kimoja, na moja ikafanana na saba. Kwa hiyo hakuna aliyehangaika kusoma kadi. Asubuhi shangazi anakukabidhi, anakuambia wewe ni wa tisa, na zamu yako ikifika unasikia, "Namba tisa, mama wa kilemba cha kijani." "Namba kumi, baba wa baiskeli isiyo na kengele." Ugonjwa wa mtu hakuutaja hata siku moja. Na hakumruka mtu. Aliyekuja na gari alikaa benchi moja na aliyekuja pekupeku, akasubiri mpaka asikie.

Watu walimwita Redio.

"Redio, leo betri zimejaa," fundi viatu anamtania kila akipita. Meza yake ilikuwa mkabala na lango la zahanati.

"Zimejaa, lakini wewe utasikia nini? Masikio umeyaziba na gundi."

Mimi niliachia shule darasa la tano, bibi alipoanzishiwa sindano za sukari, kwa sababu ilibidi mtu ashinde naye. Nyumbani hatuna friji. Dawa ya bibi ilikaa kwenye friji ya zahanati, pamoja na chanjo za watoto, na kila siku saa nne nilikwenda kuchukua dozi. Shangazi alinitolea mwenyewe. Nikishapewa nilikaa dakika mbili tatu kwenye benchi kumsikiliza, kisha narudi.

Uchaguzi mkuu ulipofika walitafutwa makarani wa vituo, na Daktari akalipeleka jina la shangazi. Kituo chetu kilikuwa shule ya msingi, darasa lile lile nililoachia. Shangazi alipewa fulana na beji, akafundishwa siku mbili namna ya kukunja karatasi na kupaka wino kidoleni. Alirudi ameshika beji kama yai.

Kura ya rais haikuwa na ubishi kwetu. Kazi ilikuwa kwa mbunge. Wagombea walikuwa watatu na kila mmoja na alama yake: Saa, chama kilichokuwa madarakani, Ngazi, wapinzani wao, na Kikombe, ambaye hata sura yake wengi hatukuijua.

Kituo kilifungwa saa kumi na moja jioni, wakaanza kuhesabu. Watu walitakiwa kukaa mbali, nyuma ya kamba, lakini madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, na sauti ya shangazi ilivuka kiwanja bila kuhangaika. Utaratibu ulikuwa hivi: anaokota karatasi, anaifunua, anawaonyesha mawakala wa vyama, anatamka alama.

"Ngazi. Ngazi. Saa. Ngazi. Saa. Ngazi. Kikombe."

"Kikombe kimepata chai," mtu akasema gizani, tukacheka.

Fundi viatu alikuwa ameokota mkaa, anachora vijiti kwenye ukuta wa stoo ya shule, kila alama na safu yake, vinne na kimoja cha kukata. Wengine walikuwa wanamsimamia asikosee. Nilisimama nao. Ilikuwa kama tuko dirishani zahanati, kila mtu ametulia anasubiri aitwe.

Kuhesabu kulipokwisha, msimamizi wa kituo, ambaye ndiye mwalimu mkuu, alikaa kujaza fomu. Zilitakiwa nakala sita, zote kwa mkono, na taa ilikuwa moja. Shangazi na mawakala walikaa wanasinzia. Wakaitwa kutia saini. Wakala mmoja alitia saini ameshavaa kofia ya kuondokea. Shangazi naye akatia zote sita, moja juu ya nyingine, bila kuzisoma. Kisha mwalimu mkuu akamwomba atoke mlangoni awatangazie watu, maana sauti yake yeye ni ya darasani tu.

Shangazi hakushika hata karatasi. Namba alikuwa nazo kichwani.

"Ngazi, mia tatu na kumi na nane. Saa, mia moja ishirini na moja. Kikombe, sita. Zilizoharibika, tisa."

Fundi viatu akapiga ukuta kofi. Vijiti vyake vilikuwa sawa na alichosikia, havikuzidi wala kupungua. Fomu ikabandikwa mlangoni, watu wakaondoka bila kuisoma, walishasikia. Asubuhi tulikuta gundi peke yake.

Siku ya tatu redio ilisoma matokeo ya jimbo. Watu walijazana kwenye meza ya fundi viatu. Mbunge ni wa Saa, kashinda kwa kura mia moja tisini. Fundi viatu akazima redio, akaendelea kushona soli ambayo alishaimaliza. Kesho yake alipanda baiskeli mpaka ofisi ya uchaguzi, kwenye ubao walikobandika kituo kimoja kimoja. Aliporudi hakwenda mezani kwake. Alikuja nyumbani, shangazi akiwa anaosha vyombo.

"Redio, kituo chetu ulitangaza ngapi?"

"Si uliandika mwenyewe ukutani?"

"Nataka kwa mdomo wako, dada."

"Ngazi mia tatu na kumi na nane."

"Kule wameandika mia tatu na kumi na nane za Saa. Ngazi kapewa zile mia moja ishirini na moja. Zimegeuzwa, na jimbo zima limegeuka na hizo hizo." Akajifuta jasho. "Na chini pana saini yako. Naijua, ndiyo ile unayotia kwenye kadi zetu za matibabu."

Shangazi alibaki ameshika sufuria. Povu likamshukia mpaka kwenye kiwiko.

Jioni hiyo alikaa ukingoni mwa kitanda cha bibi. "Mama, sikusoma. Nilishatamka, nikaona yameisha."

"Ndivyo ulivyo tangu mdogo," bibi akasema. "Ukishasema, kwako kitu kimefanyika."

Alikwenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu hakumkaribisha ndani, walizungumza wamesimama kwenye ngazi za baraza. "Nilikuwa nimechoka, dada," alimwambia. "Mkono uliandika nini, siwezi kukuapia. Na sasa hivi si wakati wa kujua." Wiki ile ile ukuta wa stoo ulipakwa chokaa.

Mgombea wa Ngazi akalalamika, akasema ana mashahidi mia waliosikia matokeo mlangoni. Hapo ndipo bwana wa ofisi ya uchaguzi alipokuja zahanati. Ilikuwa saa nne, nimefuata dozi. Mlango wa chumba cha Daktari umevimba kwa unyevu, haufungi, na benchi liko karibu.

"Mama, hapa kuna mambo mawili," bwana yule alisema taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. "Ama fomu sita ulizotia saini ni za uongo, na hilo ni kosa la jela, wewe na wenzako. Ama fomu ni sahihi, ila ulipotoka mlangoni ulichanganya. Umeita kutwa nzima, koo limekauka, ukataja hiki mahali pa kile. Hilo si kosa. Ni uchovu."

"Sikuchanganya."

"Ulisoma fomu kabla ya kusaini?"

Nilisikia kiti cha shangazi kikisogea.

"Basi utajuaje ni nani aliyechanganya?"

Daktari akaingilia, na alikuwa na sauti ya huruma kweli, simsingizii. "Dada, mimi nakuhitaji dirishani. Kazi yako haina barua, unajua. Nimekulinda miaka yote hii. Usinifanye nitafute mtu mwingine."

Kupitia upenyo wa mlango nilimwona shangazi anageuza kichwa. Hakuwa anamtazama Daktari wala yule bwana. Alikuwa anatazama friji.

Karatasi ilikuwa imeshapigwa chapa. Safari hii aliisoma yote, polepole, midomo inacheza. Kisha akaweka saini.

Muuguzi aliniambia baadaye sana kwamba dawa ya bibi isingezuiwa na mtu yeyote. Kila mgonjwa wa sukari ana haki ya friji ile, hata kama hana ndugu hapo. Shangazi hakuuliza, na wao hawakujua kwamba ndicho alichokuwa anakifikiria.

Tamko lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa zahanati, hatua mbili kutoka dirisha lake. Fundi viatu alilisomea watu kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "Nilitamka visivyo matokeo ya kituo kwa sababu ya uchovu wa sauti." Akamaliza, akavuka barabara, akaketi. Tangu siku hiyo hakumwita tena Redio. Alimwita mama, kama anavyowaita wateja asiowajua.

Mwanzoni yalikuwa maneno ya kupita. Mama mmoja akaitwa, akanyanyuka nusu. "Ni mimi kweli, au umechoka sauti?" Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka, au alionyesha meno. Kijana mmoja kila namba ikiitwa alikuwa anasema, "Geuza, geuza, ni ya mwenzake." Ila kicheko kikaisha na mashaka yakabaki. Akiita namba sita, anasimama wa sita na wa tisa, wanatazamiana kadi. Akiita wa saba anakuja na wa kwanza. Wakaanza kusogea dirishani kutaka waonyeshwe orodha ya zamu. Foleni ikawa inachelewa, watoto wenye homa wanalia, Daktari anatoa kichwa nje kuuliza kuna nini.

Nyumbani aliendelea na maji ya chumvi, lakini hakuita tena namba pale nje. Anasukutua, anatema, anaingia. Bibi alingoja siku mbili tatu. Ya nne akaita mwenyewe kutoka kitandani, "Namba mbili ameshakufa." Shangazi akasema, "Kunywa uji, mama, unapoa."

Siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu watu hujaa. Nilipofika alikuwa ameita mpaka wa kumi. Mdomo wake ulikuwa umekauka na sauti ilikuwa nzuri, haikuwa na kasoro, ilisikika mpaka langoni.

"Namba kumi na moja, mzee wa fimbo mbili."

Mzee yule nilimfahamu. Anatoka mbali, ana miaka mingi anatibiwa pale, na shangazi ndiye aliyekuwa anamsomea hata maandishi ya kwenye chupa za dawa, kwa sababu hakuwahi kukanyaga shule. Akainuka kwa taabu, akakongoja kwa fimbo zake, lakini hakwenda chumba cha Daktari. Alikuja dirishani.

"Mwanangu, nionyeshe hapo kwenye karatasi."

"Babu, ni wewe. Kumi na moja."

"Nionyeshe tu. Na wenzangu wameonyeshwa."

Shangazi akaipitisha orodha dirishani. Mzee akaishika kichwa chini miguu juu, akaitazama kwa muda mrefu, mstari hadi mstari. Kisha akamrudishia.

"Haya," akasema. "Nimeona."

Akaenda zake kwa Daktari.

Shangazi aliweka orodha kwenye meza, akainyoosha pembe iliyokunjika. Akafungua mdomo. "Namba kumi na mbili," akasema, na hakuongeza mama wa nani wala baba wa nini. Kwenye benchi hakuna aliyeinuka. Watu wanne walikuwa wanatazama kadi zao.

Alinyanyuka akaenda kwenye friji, akatoa dozi ya bibi, akanipa mkononi, akafunga mlango wa friji na kuubonyeza kwa kiganja kuhakikisha mpira umebana. Akavua koti lake la bluu la kazi, akalitundika kwenye msumari. Hakutokea mlango wa nyuma, wa wafanyakazi. Alipitia wa wagonjwa, katikati ya mabenchi, na waliokuwa wamenyoosha miguu wakaikunja apite.

Langoni, fundi viatu alimwona. Alisimama, mkono wake ungali ndani ya kiatu cha mtu.

"Redio," akaita.

Hakugeuka. Alishika barabara, mgongo wake ukawa mdogo mpaka ukafichwa na kona ya duka la mbao.

Watu waliendelea kukaa, kila mmoja na kipande chake cha boksi mkononi. Wa kumi na mbili alikuwa msichana mwenye mtoto mgongoni, akasema basi tumsubiri, atakuwa ameenda kunywa maji. Wakasubiri. Mimi niliondoka na dozi kabla haijapata joto, na mpaka hapo dirishani palikuwa wazi, orodha ipo, koti lipo. Hakurudi.