Wembe wa Kanisa

Siku ile nilibeba beseni. Wenzangu wa kamati ya uinjilisti walibeba Biblia, ngoma na vikaratasi vya wokovu. Mimi nikapewa beseni la plastiki, kipande cha sabuni na taulo. Wembe wenyewe ulikuwa kwenye mfuko wa koti la mchungaji, umefungwa kwa karatasi. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Lushebere asubuhi, tukaenda Masisi kwa miguu huku tukiimba. Na mimi niliimba. Mdomo wangu ulizijua nyimbo zile, haukunihitaji.

Marasta walikuwa wameandaa tamasha la rege kwenye uwanja wa mpira wa shule. Watu wa mbali wakisikia hivyo hucheka: tamasha, Masisi, miaka ile ya vita? Ndiyo. Vita vilikuwa virefu, na mtu hawezi kukimbia kila siku. Kati ya kukimbia na kukimbia watu walioana, walivuna maharagwe, walicheza rege. Mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, aliwakodisha Marasta jenereta na spika mbili, kisha akaja kutuuliza sisi walokole kama tungezihitaji Jumapili.

Mpango wa mchungaji ulikuwa rahisi. Tungehubiri wakati wanamuziki wanapumzika, tungewaita walioguswa waje mbele, na kila aliyempokea Bwana angenyolewa palepale, nywele zake zichomwe moto. Mchungaji aliamini kwamba Rasta asiyenyolewa siku ya wokovu hurudi alikotoka kabla ya jua kuzama. Mimi nilichaguliwa kwa sababu moja tu.

"Wewe njo uko na ndugu kule," aliniambia. "Wewe atakusikia."

Kweli nilikuwa na ndugu kule. Mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekuwa akibeba mizigo kwenye machimbo ya Walikale, alikuwa amerudi na nywele zilizosokotana mpaka mabegani, na akaenda kuishi na Marasta. Sasa alitaka kurudi kazini Walikale, na lori la yule mfanyabiashara lingeondoka alasiri ileile, likishapakia maharagwe. Alipokuja alikuwa amepita porini kwa miguu. Njia ya porini ilikuwa imefungwa na mapigano. Ilibaki barabara, na barabarani kulikuwa na bariyeri, kamba ya askari iliyokatiza njia.

Askari wa bariyeri ile waliwatafuta wapiganaji wa msituni, na kwa msafiri wasiyemfahamu alama waliyoitumia ni nywele. Vijana wenye vichwa kama cha mdogo wangu walikuwa wameshushwa kwenye malori mbele ya macho yetu, wakapelekwa nyuma ya kibanda cha askari, na mama zao walikuwa bado wanauliza. Mfanyabiashara alinieleza mambo yalivyo:

"Dada, mudogo yako nitamubeba, iko kijana muzuri. Lakini na ile kichwa? Batasema nabeba bantu ba pori. Yeye batamushusha, na maharagwe yangu batashusha."

Kwa hiyo sikwenda kwenye tamasha kumwokoa roho, na hilo mchungaji hakuliuliza. Nilitaka anyolewe kabla ya alasiri. Kama Yesu ndiye angemnyoa, vizuri. Kama ni shetani, ningemshikia beseni vilevile.

Ningependa kusema nilikuwa na hofu. Sikuwa nayo. Tangu tulipokimbia Kalembe nilikuwa kama mguu uliolaliwa: unaujua ni wako, unaona uko pale, ukiugusa ni wa mtu mwingine. Mama alikufa njiani katika kukimbia kule, kwa homa, na tukamzika kando ya barabara kwa jembe la kuazima kwa watu nisiowajua. Mdogo wangu alikuwa Walikale. Nilipofika Lushebere nilipewa shitingi, turubai la msaada, nikajenga kibanda, nikapanga foleni ya maji, na kila mtu akasema mimi ni mwanamke jasiri. Nilikuwa jasiri kama gogo lilivyo jasiri.

Kwetu matanga hufungwa kwa wembe. Wafiwa hukaa chini, hunyolewa na mtu wa damu yao, nywele zinazikwa, na kuanzia hapo mtu anaruhusiwa kuishi. Lakini mchungaji alikuwa amesema kunyoa ni mila za giza, kwa hiyo matanga ya mama yalifungwa kambini kwa maombi na chai isiyo na sukari. Sikubisha. Kesho yake jirani alinisuka nywele, nikaenda kulima vibarua. Basi ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mchungaji huyohuyo sasa alikuwa anatembea mbele yangu na wembe mfukoni.

Kuna jambo lingine inabidi nilieleze hapa. Mdogo wangu alipotoka Walikale alikuja kwanza kibandani kwangu. Alivua kofia yake ya sufu, akakaa chini mlangoni, udongoni, uso wake umeinama. Hakusema neno. Nikamletea kigoda. Alikitazama, hakukikalia. Nikamletea sombe na ugali. Alikula kidogo, akainua macho akatazama misuko yangu, akaondoka. Nilikasirika, maana kigoda kile nilikuwa nimekiazima kwa jirani ili mgeni wangu asikae kwenye matope. Nilijisemea moyoni: dini ya Rasta imemfundisha dharau.

Tulifika uwanjani wakati muziki umepamba moto. Besi ilipiga mpaka maji niliyokuwa nimetoka kuyateka yakatetemeka kwenye beseni. Watoto wa shule, wakimbizi, akina mama wenye mizigo ya muhogo mgongoni, hata askari wawili wasio na silaha, wote walikuwa wanacheza taratibu, vichwa vikiitikia. Marasta walitupokea vizuri, tena vizuri kupita tulivyowahi kupokewa na walokole wenzetu wa kanisa la pili. Walitupisha kwenye mkeka, wakatuletea viazi vilivyochemshwa bila chumvi, kwa kuwa imani yao haitaki chumvi. Kambini na sisi tulikula bila chumvi, ila hatukuwa tumeiita dini.

Katikati ya wimbo risasi zililia upande wa mlimani. Vichwa vyote viligeuka, vikasikiliza, vikapima umbali. Kisha yule wa kwenye mitambo akaongeza sauti, watu wakaendelea kucheza.

Wanamuziki walipopumzika, mchungaji alisimama akahubiri. Alihubiri juu ya bangi, juu ya mfalme wa nchi ya mbali wanayemwita mungu, juu ya nywele. Juu ya nywele alikaa sana. Mkubwa wa Marasta, mwanaume mwenye ndevu na mvi za hapa na pale, alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa Biblia ya mchungaji mwenyewe, kwa upole, na watu wakacheka. Mchungaji akaninong'oneza, "Sikio la kufa halisikii dawa," halafu akapaza sauti akaita: "Ni nani leo anataka kuacha? Aje hapa mbele!"

Hakuna aliyetikisika. Nilitazama lori lililokuwa limeegeshwa nyuma ya goli. Vijana walikuwa wanapakia magunia.

Ndipo mdogo wangu akatoka kati ya Marasta. Alikuja mpaka mbele ya beseni, akavua kofia, akakaa chini kwenye nyasi, uso umeinama. Wanakwaya walipiga kelele za haleluya. Mama mmoja wa kamati alinikumbatia, akaniambia Mungu amejibu. Nilisimama na taulo langu. Nilikuwa nauona mgongo ule, shingo ile iliyoinama, mikono ile juu ya magoti, na nilijua nimekwisha kuviona hivi hivi, mlangoni kwangu.

Mchungaji alifungua karatasi, akatoa wembe, akamsogelea. Mdogo wangu akafunika kichwa kwa mikono miwili.

"Hapana, Pasta. Haiko wewe. Ule njo atanyoa," alisema, akanionyesha kwa kidevu.

"Kwa nini ule? Mimi njo muchungaji."

"Mama yetu alikufa. Kule Walikale nilisikia habari kwa bantu ba lori. Tangu ile siku sijanyolewa. Na wewe hauko muntu ya damu yangu."

Mchungaji alibaki na wembe hewani. "Lakini si unaacha urasta?"

"Hii nywele haiko ya urasta, Pasta. Iko ya mama."

Mkubwa wa Marasta alikuwa amesogea karibu. Alisema bila kujisifu, "Alitwambia siku ya kwanza. Alisema, niko na kilio. Tukamupa fasi ya kukaa. Hatukumuuliza kintu tena."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kwetu mfiwa haombi kunyolewa. Huja, hukaa chini kichwa wazi, na watu wake huelewa. Akiomba kwa mdomo ni kama anaharakisha kumsahau marehemu. Alikuja kwangu akakaa chini, nikampa kigoda. Alipoona misuko yangu alidhani nimekwisha kuyafunga matanga bila yeye. Kanisa zima lilikuwa limemfungia mtu safari kwa ajili ya nywele zile, tukafunga na kumwombea, na aliyekuwa na dawa yake ni mimi, kwa mkono tu.

Niliweka taulo begani, nikanyoosha mkono. "Unipatie wembe, Pasta."

"Mama, huu wembe iko ya kanisa. Haunyoe matanga. Ile ni mambo ya giza, tulishasema."

Sijui hasira ile ilitoka wapi. Kwa muda mrefu sikuwa na chochote cha namna hiyo ndani yangu. "Uliuleta kunyoa," nikamwambia. "Mimi naenda kunyoa."

Mkubwa wa Marasta alitazama pembeni, akajifanya kukohoa. Mchungaji alinitazama, akawatazama watu, na nadhani aliona kwamba akikataa hatatoka uwanjani pale na kichwa hata kimoja. Akanipa.

Nywele za namna ile hazikatiki kirahisi. Nilianza kwa mkasi wa fundi cherehani mmoja aliyekuwa akitazama, msokoto mmoja mmoja, kisha nikapaka sabuni, nikapitisha wembe. Chini yake kilitoka kichwa cha mdogo wangu, chenye kovu la utotoni alilopata alipoanguka kwenye mawe ya kisimani, na mama akambeba mgongoni mpaka zahanati akiwa analia kuliko yeye. Kovu lile nilikuwa nimelisahau. Wanakwaya waliimba wimbo mzima wa wokovu wakidhani, au wakipenda kudhani, kwamba roho imepatikana. Sikuwakatiza.

Nilipomaliza nilimfuta kwa taulo. Alisimama, akauchukua wembe mkononi mwangu, akasema, "Dada, kaa."

Nilikaa. Nilifungua kitambaa changu cha kitenge, nikakitandaza mapajani. Alinifumua misuko kwa vidole, polepole, kama mtu asiyetaka kuumiza, akazikata nywele, akaninyoa. Wimbo ulikwama, sauti moja ikaacha, nyingine ikafuata. Mwanamke wa kamati ya uinjilisti kunyolewa matanga mbele ya Marasta, hilo halikuwa kwenye mpango. Baadaye niliondolewa kwenye kamati, na sikushangaa.

Upepo wa Masisi ni wa baridi, unatoka milimani. Ulinigusa kichwa kilichokuwa na maji na nikaisikia baridi ile yote, kutoka utosini mpaka kisogoni. Nilishtuka. Ilikuwa imepita siku nyingi bila kitu chochote kunifikia.

Mchungaji aliwasha kiberiti ili azichome nywele. Nikamwambia hizi hazichomwi. Nilizikusanya zote, zangu na zake, nikazifunga katika kitambaa changu.

Mfanyabiashara alikuwa anapiga honi. Nilipanda lori nikamsindikiza mdogo wangu mpaka bariyeri, kwa kuwa ndugu hasindikizwi kwa macho. Lori lilisimama, abiria wakashuka, askari akaanza kuwapitia mmoja mmoja. Alituita kwa Lingala, kisha akaona hatujibu haraka akageukia Kiswahili. Alikitazama kichwa cha mdogo wangu, akakitazama changu, vyote vikiwa vyeupe na vibichi. Akagusa bunda nililobeba kwa ncha ya bunduki.

"Iko nini mu kitambaa?"

"Nywele," nikasema.

"Ya nani?"

Nilifungua mdomo nikajua kwamba sijawahi kulisema. Kambini wenzangu ndio walilisema, mchungaji ndiye alilisema kwenye maombi, mimi nilikuwa naitikia amina.

"Ya mama," nikasema. "Mama alikufa."

Askari alirudisha bunduki begani. Alikuwa kijana, labda rika la mdogo wangu. "Poleni," alisema, na akaishusha kamba mwenyewe mpaka chini.

Lori lilipita na mdogo wangu juu ya magunia, akiwa ameshika kofia yake mkononi bila kuivaa. Mimi nilibaki kando ya bariyeri na bunda langu, na nililia pale, kwa sauti, mbele ya askari na wapita njia. Askari yule aliniletea jiwe la kukalia. Sikulikalia. Nilikaa chini, udongoni.