Sauti Waliyompa Mtu wa Mlango

Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno matamu akatafute kwingine. Ninachotaka ni ijulikane nani alifanya nini. Majina siweki, maana bado tunakutana sokoni, ila kila mmoja nitamtaja kwa kazi yake, na akisoma atajijua.

Wa kwanza ni mwenye duka, hapa hapa Kawetele. Alikuwa anachakachua mafuta ya taa, anatia petroli humo humo. Nilinunua chupa moja asubuhi, nikajaza jiko la mchina nichemshe chai kabla ya kwenda kuchuma majani shambani, nikawasha kiberiti. Upande wangu wa kushoto wa uso uliishia pale, pamoja na sikio. Moshi nilioumeza ukaniachia sauti hii ya kukwaruza, kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Mwenye duka alikuja hospitali na mkungu wa ndizi. Akasimama mlangoni, hakusogea, akasema, "Pole mama, ni mapenzi ya Mungu." Sijui Mungu alimkosea nini mpaka asingiziwe kuchakachua mafuta.

Nilipotoka nikajifunza kujifunga kipande cha kitenge usoni. Watoto wakalia mwanzoni, kisha wakazoea. Kuzoeleka hakuji bure. Nilikuwa naenda kila penye watu hata kama mwili hautaki, kanisani, kisimani, msibani. Msibani zaidi. Tuna kikundi chetu cha kufa na kuzikana, wanawake watupu, na kazi yetu ni chakula. Mtu akifiwa, kila mmoja anakuja na ndizi zake na kisu chake, tunakaa chini kwenye majani ya migomba, tunamenya, tunapika, tunalisha waombolezaji. Aliyeketi pale na kisu mkononi ni mtu kamili. Ukinyang'anywa kisu, maana yake chakula cha mkono wako hakitakiwi, na siku ukifa wewe, sijui nani atakuja kukumenyea.

Mimi nilinyang'anywa. Ilikuwa Mpuguso, tumekwenda kumzika mama wa mwenzetu. Nimeshamenya kama ndizi kumi, mwenyekiti wa kikundi akainama, akakichukua kisu mkononi mwangu taratibu kama anavyochukuliwa mtoto aliyelala.

"Dada, leo pumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Watoto wanaogopa. Ukiongea tu wanalia, chakula hawali."

"Watoto gani? Hawa niliowabeba mgongoni?"

"Si wewe, dada. Ni ile sizoni." Alikuwa ananong'ona, lakini wote walikuwa wameacha kumenya. "Wanasema wewe ndiye yule wa mlangoni."

Mmoja akacheka ndani ya kanga yake. Mwingine akamwambia, "Nyamaza wewe, tuko msibani," na yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Nilikaa pale mpaka maiti ikazikwa, mikono kwenye mapaja, kama mgeni. Mwenyekiti huyo ndiye wa pili kwenye orodha yangu.

Kesho yake mchana nikaenda kwenye kibanda cha kuonyeshea sizoni, zile filamu za mfululizo. Ni mabati na mabenchi tu, televisheni juu ya meza, na pembeni anakaa mtafsiri na maiki yake. Sizoni ni ya Kizungu, kwa hiyo yeye anapunguza sauti ya wenyewe na kuwasemea watu wote, wanaume, wanawake, hata mashine. Mtafsiri huyo ndiye mwenye kibanda. Ni mtoto wa kuzaa wa yule mwenye duka. Huyu wa tatu.

Nikalipa kama watu, nikakaa benchi la nyuma.

Ni habari za watu wanaoishi kwenye mji unaoelea angani, wakati dunia imeshaharibika kabisa. Bosi wa wabaya ni bwana mmoja mnene mwenye joho linalowaka taa. Sasa kuna mwingine, mdogo tu, hata hana jina. Anasimama kwenye mlango mkubwa unaozuia hewa isitoke. Bosi akitaka kumuua mtu, yule ndiye anayefungua mlango, mtu anavutwa nje kwenye giza. Nusu ya uso wake imefunikwa kitambaa. Ametoka wapi, aliungua na nini, kwa nini anamtumikia bosi, haisemwi. Anatokea kidogo, anaondoka.

Alipotokea, kibanda kizima kikapiga mluzi. Mtafsiri akaivuta maiki karibu na mdomo, akasema kwa sauti yangu.

Sauti yangu hasa. Kukwaruza kwangu, namna ninavyokohoa katikati ya neno, na Kiswahili changu kilichojaa Kinyakyusa. "Ugonile," mtu wa angani akasalimia. "Leteni watoto. Nimewamenyea ndizi, njooni mle." Halafu mlango ukafunguka, mtu akavutwa nje. Watu wakacheka mpaka mabenchi yakatikisika. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini kisu kilichukuliwa.

Nikarudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Nilitaka kujua yule mtu wa mlangoni kasema nini cha kweli. Siku ya tatu mvua ya Tukuyu ikaja, mnaijua, ikapiga bati mpaka mtafsiri akawa anafungua mdomo tu na hakuna kinachosikika. Akaweka maiki chini asubiri. Yule mtu akatokea. Nikamtazama mdomo, ule upande unaoonekana. Haukucheza. Alifungua mlango, akaufunga, taa ilipomgeukia akageuza upande ulioungua ukutani. Mimi nafanya vile vile jua likinipiga. Nikasubiri atokee tena, akatokea, mdomo umefungwa. Hasemi. Mtu yule hasemi neno hata moja. Kila alichosema hapa Kawetele kilitoka tumboni mwa mtoto wa mwenye duka.

Na waliotengeneza hiyo sizoni huko waliko, na wao nawaweka. Walikuwa na nyuso za kila aina za kumpa mfungua mlango. Wakachagua iliyoungua.

Mvua ilipopungua watu wakatoka, nikabaki.

"Shikamoo mama," mtafsiri akasema. Alikuwa anakunja waya, hanitazami.

"Yule haongei."

"Yupi?"

"Usinifanye mtoto. Yule wa mlangoni."

"Haongei, ndiyo." Akacheka kidogo. "Sasa mama, watu wamelipa. Wakae wanamwangalia mtu kanyamaza? Lazima uwatilie chumvi. Ni kazi tu."

"Chumvi hiyo ndiyo koo langu. Na koo langu unajua limeharibiwa na nani."

Akaacha waya. "Mambo ya mzee mimi sikuwepo."

"Lakini kucheka ulikuwepo. Utakuja kwenye kikao cha wanawake, Jumapili baada ya ibada. Utasema ile sauti mbele yao, waione inatoka kwako."

"Mama, hiyo haiwezekani. Na hata nikija, nimesharekodi. Watu wanayo kwenye flashi, ipo kwenye simu, imeshafika Kiwira."

Nikatoka. Kuna hasira inayokufanya upige kelele, na kuna ile inayokufanya ukae chini. Kesho yake nikabeba kigoda changu, nikakiweka nje ya kibanda, pembeni ya mlango. Nikavua kitenge usoni. Tangu niungue sikuwahi kukivua nje ya nyumba yangu. Kila aliyekuja kuangalia sizoni nikamsalimia vizuri kwa sauti ile ile waliyoipenda. "Ugonile. Ingia, utanisikia ndani." Vijana walifika mpaka karibu, wakanitazama, wakakumbuka wana safari. Mmoja akasema, "Samahani mama," sijui samahani ya nini, akageuka na baiskeli yake.

Siku nne nilikaa. Siku ya pili baba wa mtafsiri, yule mwenye duka, alipita ng'ambo ya barabara, akauona uso ambao hakuwahi kuuona wazi. Hakuvuka. Siku ya nne mtafsiri akatoka, akachuchumaa mbele yangu.

"Nitakuja Jumapili. Ila funika, mama, nakuomba."

"Nitafunika nikitaka mimi."

Alikuja kweli, amevaa shati la kanisani. Wanawake wamekaa kwenye mabenchi ya darasa la watoto, yeye kasimama kama anayeungama. Akasema kwamba mtu wa mlangoni hana maneno, kwamba maneno alitunga yeye. Nikamwambia, "Sema kama unavyosema kule." Akakohoa, akasema: "Ugonile. Nimewamenyea ndizi." Safari hii haikuchekesha. Mijitu mizima ikatazama chini. Halafu mmoja, yule wa kanga, akashindwa kujizuia, akacheka, na wengine wakafuata. Mwenyekiti naye.

"Basi yameisha," mwenyekiti akasema huku anafuta macho. "Dada, usiweke moyoni. Kijana kaomba msamaha, tumefurahi, tumalize."

Tumefurahi. Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mfupa kooni.

Haukupita muda, tukafiwa tena, jirani wa pale pale Kawetele. Nikaenda na mkungu wangu na kisu kipya. Hakuna aliyekigusa. Nikamenya pamoja nao, nikapika, sufuria kubwa, ndizi na maharage, zikaiva vizuri. Wakati wa kupakua nikaona waombolezaji wanakula, nikaanza kupumua. Halafu nikamwona mwenyekiti. Alikuwa amewaita watoto wake watatu nyuma ya nyumba, anawapakulia kutoka kwenye kisufuria kidogo alichokuja nacho kutoka kwake. Na yeye anakula humo.

Nilichukua sahani, nikaijaza kutoka kwenye sufuria yangu, nikaenda nyuma ya nyumba, nikamwekea mapajani.

"Nimeshashiba, dada," akasema.

"Kula."

"Kweli nimeshiba, angalia..."

"Watoto wako wanakutazama, mwenyekiti. Kula."

Wale watoto walikuwa wameacha vijiko, wanatutazama mmoja mmoja, mimi na mama yao. Wanawake wawili walikuwa wamefika kwenye pembe ya nyumba, wamebeba ndoo, wakasimama. Mwenyekiti akachukua ndizi moja kwa vidole, akaiweka mdomoni. Akatafuna muda mrefu sana kwa ndizi iliyoiva vile. Nilisimama juu yake mpaka nikaona koo linashuka.

Kisha nikamwambia, "Na nyingine."