Visima Viwili Nyuma ya Kiwanda cha Alizeti

Kosa langu la kwanza lilikuwa chupa. Nilichota maji ya kisima cha juu, kilicho jirani na ukuta wa kiwanda cha kukamua alizeti, kwa chupa zilizowahi kubeba mafuta, kama zile zinazopangwa mezani kando ya barabara kuu. Nilizisuuza mara tatu nikaridhika. Utando wa mafuta ulipoelea juu ya maji, niliwaita wanakijiji nikawaambia kiwanda kinavuja, wahamie kisima cha bondeni. Wakahama. Miezi kadhaa baadaye niliosha chupa nyingine ya aina hiyo, nikaijaza maji ya bomba la nyumbani. Utando ukaelea vilevile. Nikajua lazima nirudi, nipime upya na kuomba radhi.

Mimi ni fundi wa pampu za mkono. Kupima maji sikusomea. Nilisoma kwenye simu na kuwauliza watu wa maabara hadi wakanichoka.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Singida mjini kwa pikipiki, chupa mpya za maabara zikiwa ndani ya boksi la barafu. Nilisimama mara mbili kukagua vifuniko. Mara ya tatu nilijikataza.

Ihanja nilifika kabla ya saa mbili, nikanywa chai. Muuzaji alilitazama boksi akauliza kama nauza askrimu. Nilipomwambia nafuata maji, alisema nimeacha kazi ya faida.

Baada ya Ihanja nilishika njia ya vumbi, mabua makavu ya alizeti kila upande. Harufu ya mashudu ilinifikia kabla sijaona kiwanda. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, nikayarekebisha mara nyingi mno.

Saa tatu nilifika kwa Mama Rehema, mjumbe wa kamati ya maji anayetunza funguo za pampu. Hakunipa nafasi ya kutoa karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mtaalamu. Kile kisima ulichotupeleka kimetuokolea kuni."

Akaeleza kwamba maharage sasa yanaiva upesi kama yametiwa magadi. Mkwewe, aliyembeba mtoto wa miezi saba, akaongeza kuwa hata sabuni wanatumia kidogo, maji yenyewe yanateleza mikononi. Wakasemezana kwa Kinyaturu, wakacheka. Mimi ni Mnyiramba, lakini nilielewa vya kutosha kujua kwamba natafutiwa mke.

Sikuweza kucheka. Niliuliza maji yalianza lini kuwa hivyo.

"Mwanzoni yalikuwa ya kawaida," alisema Mama Rehema. "Ni tangu watu wa kiwanda wachimbe lile shimo."

Tulikwenda wote. Shimo lilikuwa la maji machafu ya kusafishia mafuta, kazi inayotumia kostiki soda, magadi makali ya watengeneza sabuni. Halikusakafiwa, na mteremko wote ulielekea kisima cha bondeni. Karatasi ya kupimia magadi niliyoichovya kwenye maji ya kisima cha juu ilibaki kijani. Ya bondeni iligeuka bluu iliyokolea, dalili ya magadi mengi. Nilirudia mara tano, kila mara kwa karatasi mpya. Bluu.

Nikajaza chupa za maabara kwa maji ya visima vyote viwili. Hapo nilikwama. Maabara ingechukua siku kadhaa kutoa jibu, na mara ya kwanza niliharibu kwa kusema haraka. Nilitamani kufunga boksi, kuaga na kurudi na cheti chenye mhuri. Lakini mkwewe alikuwa amekwisha kujaza ndoo, akasema ni ya uji wa mtoto.

"Dada, usiyatumie," nilisema. "Mama, nilikosea. Kisima cha juu nilikisingizia. Mafuta yalikuwa ya chupa yangu. Haya ya hapa nayashuku. Sina uhakika bado, ila mtoto asiyanywe tukisubiri."

Mama Rehema aliishika ndoo.

"Kwa hiyo ulitutoa penye maji mazuri ukatuleta hapa."

"Ndiyo, mama."

Aliimwaga ndoo, akafunga pampu kwa kufuli. Kisha akasema maneno hayo sitamwambia yeye peke yake. Alinitaka niyarudie mbele ya mwenyekiti wa kijiji na wale wote niliowahamisha. Saa nane niliyarudia. Wengine walinizomea, mzee mmoja akauliza kesho nitawapeleka kisima gani. Nilisimama mpaka swali la mwisho.

Saa kumi jioni nilianza kurudi mjini. Barafu ilikuwa bado haijaisha, na mtu wa maabara niliyempigia simu alikuwa amenisubiri.

Majibu yalithibitisha: maji ya juu ni salama, ya bondeni yana magadi makali yasiyofaa kunywewa. Niliyapeleka kijijini mwenyewe, na kamati ikayafikisha wilayani.

Tangu hapo kisima cha bondeni kimezungushiwa miiba, na kiwanda kimeagizwa kulisakafia shimo. Kazi imeanza, haijaisha. Kijiji kinachota juu, na maharage yanachukua muda wake wa zamani. Mimi bado napima mara tano. Ila nikishuku jambo linaloweza kumdhuru mtu, nalisema siku hiyohiyo, pamoja na yale nisiyoyajua.