Siku Dada Alipoanza Kujibu kwa Mkato

Dada yangu ni fundi cherehani, na tangu nimjue hajawahi kujibu swali moja kwa moja. Muulize mkasi uko wapi. Ataanzia kwa aliyemuuzia, aingie kwa mke wa huyo muuzaji, apitie kwenye harusi ya shemeji yao, na wewe umesimama hapo na kitambaa mkononi. Mkasi utautafuta mwenyewe.

Hata daftari lake la vipimo lilikuwa hivyo hivyo. Yeye hupima wateja, mimi hukata. Sasa nafungua nikate gauni, nakuta: "Kiuno thelathini na nne, ila amekonda tangu mumewe ahamishwe kikazi, na yule mtoto wa pili anaota meno, maskini." Kifua je? Hakuna. Inabidi nimfuate mteja kwake na utepe, uso nimeuficha kwa aibu. Nilimgombeza dada kila siku ya Mungu. Nilimwambia mdomo wake hauna breki, atatufukuzia wateja. Yeye hucheka tu, halafu kicheko chenyewe kinamkumbusha jambo lingine.

Mwaka jana akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukapooza na maneno yakapotea. Baada ya wiki tano za mazoezi ya kuongea pale hospitali, akaanza kujibu. Unaumwa? Hapana. Unataka nini? Maji. Nani huyu? Mdogo wangu. Mtaalamu aliyemfanyisha mazoezi akafurahi, akaandika kwenye kadi kwamba majibu yote ni sahihi. Ndugu wakanipongeza. Mimi nikaenda kulia chooni. Huyo aliyesema "maji" akanyamaza hakuwa dada yangu. Dada angeomba maji kwa kuanzia na bomba la nyumba tuliyozaliwa.

Nikamrudisha nyumbani, nikawa namkalisha dukani kila asubuhi karibu na cherehani yake. Namuuliza maswali makusudi, mengine ya kipuuzi kabisa, nikitega sikio. Miezi minne, neno moja moja. Vipimo sasa naandika mimi: kifua kipo, kiuno kipo, hakuna la ziada, na navichukia. Nikaanza kujiambia kwamba ndio basi tena.

Jumanne iliyopita mwalimu wa shule ya jirani alileta kitambaa cha kijani, akataka gauni kabla ya Ijumaa. Kwa mazoea tu nikamgeukia dada, nikamuuliza mikono iwe mirefu au mifupi.

Akakivuta kitambaa kwa mkono wa kushoto.

"Kijani hiki," akasema polepole, "mama alikuwa na pazia. Lile... lile alilolichana paka. Paka wa yule jirani mwenye madeko, aliyetaka kukuoa."

Mwalimu akafungua mdomo kutaja mikono yake. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, Mungu anisamehe, mteja mzima. Mkasi nikauweka chini. Dada akatoka kwa jirani, akaingia kwenye pikipiki ya jirani, akakwama kwenye neno, akalitafuta, akalipata, akavuka nalo hadi kwa fundi aliyeiharibu hiyo pikipiki. Machozi yalinitoka na sikujisumbua kuyafuta. Kisha akasita, akanigeukia.

"Kwani uliniuliza nini?"

"Hata sikumbuki, dada," nikamdanganya. "Endelea."