Jina la Thelathini na Moja

Saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, Winifrida Kauzeni anaweka chini bisibisi, anafuta vidole kwenye kitenge na kuchukua simu yake. Namba haitafuti, anayo kichwani. Anapiga, anasikiliza, anakata.

"Haipatikani," anasema.

Anachora mstari kwenye daftari. Ni mstari wa kumi na tisa: siku kumi na tisa, saa ileile, namba ileile.

Nje upepo unazoa vumbi la Majengo, na Sumbawanga ya mwezi wa sita haina masihara na mtu. Ndani ya kibanda chake cha kutengeneza simu na kompyuta, Winifrida amevaa sweta mbili. Kila baada ya muda anatazama saa ya kompyuta.

"Ni saa kumi hiyo. Saa kumi kamili programu yangu inatuma meseji. Kila siku naogopa kuna mtoto imemruka."

Winifrida, mwenye miaka 28, ni mzaliwa wa Kizwite, hapahapa mjini. Chuo hakukanyaga. Baada ya kidato cha nne alijifunza kufungua simu kwa fundi mmoja wa mjini, kisha akajifundisha kuandika programu peke yake, kwa bando la elfu moja moja na kwa kuwauliza watu asiowajua. Watu hao wako kwenye jukwaa moja la mtandaoni, ambako waandishi wa programu wa kila pembe ya dunia huulizana na kujibizana kwa Kiingereza.

Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyofundishwa tangu darasa la kwanza. Kwenye jukwaa lile, uliza vibaya uone.

"Swali langu la kwanza walilifunga baada ya dakika tano," anasimulia. "Wakanipa alama hasi nne. Mmoja akaandika, tafuta kwanza kabla ya kusumbua watu. Wiki nzima sikufungua ule ukurasa. Nilikuwa naona kama wote wananijua sura."

Alirudi, kwa kuwa mwalimu mwingine hakuwa naye. Alijifunza kuuliza kwa adabu zao: eleza ulichojaribu, onyesha kilichokataa, usilie. Kwa miaka miwili wakamfundisha mengi, na anakiri kwamba bila wao angebaki kubadilisha vioo vya simu.

Mwishoni mwa mwaka jana, zahanati moja ya pembezoni mwa mji ikamwomba awatengenezee programu. Zahanati hiyo inahudumia watoto wenye kifafa, wa mjini na wa vijiji vya uwanda wa juu. Kila mtoto hupewa vidonge vya mwezi mmoja. Kazi ya programu ilikuwa kutuma meseji kwa mzazi siku moja kabla ya vidonge kwisha.

"Kifafa kwetu kinafichwa," anasema muuguzi Gaudiosa, mama wa makamo ambaye ndiye anayewatunza watoto hao. "Mtu anaficha kadi ya mtoto chini ya godoro mpaka anaisahau hukohuko. Meseji inaingia kwenye simu ya baba, anaisoma peke yake, jirani hajui. Basi tukawaambia wazazi waachane na kadi, wasubiri meseji."

Orodha ya zahanati ilikuwa na majina 249, na ilikuwa vurugu tupu. Kuna watoto walioandikwa mara mbili, na wengine waliobandikwa namba za watu wasiowahusu. Winifrida akauliza jukwaani namna ya kuisafisha. Akajibiwa vizuri, na jibu likapata alama nyingi: linganisha jina la ukoo la mtoto na la mwenye simu. Yakitofautiana, huenda mtoto ameandikwa kimakosa. Mweke pembeni.

Akafanya hivyo. Majina 249 yakawa 212.

"Nilifurahi," anasema, na hapo anacheka kicheko kisicho na furaha. "Nilisema sasa orodha imetakata."

Wiki ya tano tangu programu ianze kutuma meseji, mwishoni mwa mwezi wa tano, Teodori Sikazwe, mkulima wa mahindi na ulezi, aliingia zahanati akiwa amemshika mkono binti yake Faith, wa miaka tisa. Mkono mwingine wa mtoto ulikuwa umefungwa kanga. Alianguka kifafa jikoni, karibu na mafiga, maji ya ugali yakammwagikia.

"Nina watoto wawili wenye ugonjwa huu," anasema Teodori, akichagua maneno polepole. "Meseji ya Yusto ilikuja, nikaenda nikachukua vidonge vyake. Ya Faith haikuja. Nikasema zamu yake bado. Walituambia tusubiri, nasi tukasubiri."

Gaudiosa alimpigia simu Winifrida. Winifrida akafungua programu, na programu ikamjibu kwamba mambo ni shwari: watoto 212, wote wako kwenye ratiba. Akatafuta jina la Faith.

"Hayumo. Hakuna kosa lililoandikwa, hakuna onyo. Hayumo tu. Nilijiuliza, kama hayumo mmoja, hawamo wangapi?"

Alikesha akisoma mstari kwa mstari bila kuona kitu. Kulikuwa na mlango mmoja tu wa kugonga, na aliuogopa. Kule jukwaani angeandika nini? Kwamba programu yake imeunguza mtoto? Zile alama hasi nne zilimrudia kama za jana.

Mama Gaudiosa ndiye aliyemsukuma. "Nilimwambia, mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Wazazi nawaambia hivyo kila siku, na wewe nakwambia. Uliza."

Aliuliza. Alificha majina ya kwanza ya watoto na namba za simu, akaacha ya ukoo, kwa kuwa ndiyo programu iliyokuwa ikiyalinganisha. Wawili wa kwanza walimrudishia maswali kuhusu mipangilio ya kompyuta. Wa tatu alikuwa Alphonce Sichalwe, mwalimu wa kompyuta wa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Zambia.

Winifrida bado anayo yale maneno, na anayasoma huku akiyaweka kwa Kiswahili: "Hawa Sikazwe na Nakazwe ni watu wa nyumba moja. Mimi ni Sichalwe na dada zangu wote ni Nachalwe. Programu yako ingewafukuza dada zangu kwa baba yao. Wale uliowaweka pembeni, uliwahi kwenda kuwatazama?"

Hakuwahi.

Kwa msomaji wa mbali, jambo lenyewe ni hili. Wamambwe, wanaoishi upande wa Kalambo na ambao wengi wamehamia Sumbawanga, jina la ukoo hulianza kwa Si- likiwa la mwanamume, na kwa Na- likiwa la mwanamke. Baba ni Sikazwe, mwanawe wa kiume Sikazwe, binti yake Nakazwe. Hapa mjini hilo halimshangazi mtu, hata muuza nyanya analijua.

Winifrida, Mfipa aliyekulia katikati yao, alilijua pia. "Shuleni nilikaa dawati moja na Herieth Nalwamba miaka minne. Kaka yake, Silwamba, ndiye aliyekuwa anatusindikiza. Sikushangaa hata siku moja. Ila nikiandika programu nakuwa kama mgeni. Nilisikiliza watu wa mbali mpaka nikasahau kwetu."

Aliyempa ule ushauri wa kwanza hamlaumu. Kwao kaka na dada wana jina moja, angejuaje? "Mwenye kujua nilikuwa mimi," anasema.

Winifrida na Gaudiosa walifungua lile faili la majina yaliyowekwa pembeni. Kati ya majina 37, sita ndiyo yaliyokuwa yamerudiwa kweli. Thelathini na moja walikuwa watoto hai, wote wasichana, wote Na-.

Kwa siku nne wawili hao walipiga simu, na palipokosekana simu walitembea, daftari la zamani la zahanati mkononi. Wasichana kumi na mmoja walikuwa wameishiwa vidonge. Gaudiosa anasema hilo ndilo linalomnyima usingizi, kwani dawa hizo zikikatishwa ghafla, kifafa hurudi kwa hasira. Mpaka siku ya tano walikuwa wamepatikana thelathini.

Wa thelathini na moja ni Fransiska Nakombe, wa miaka kumi. Baba yake, Sebastiani Sikombe, aliihamisha familia mwezi wa nne kwenda Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, kufuata biashara ya dagaa. Simu yake haipatikani. Zahanati imetuma salamu kwa watu watatu tofauti, na hakuna jibu.

"Moto nimeuona kwa Faith," anasema Winifrida. "Kirando ni maji. Mtoto wa kifafa akianguka kwenye maji yanayofika magotini, inatosha. Hilo ndilo ninalowaza nikipiga ile namba."

Jumamosi wamepanga kupanda basi, yeye na Gaudiosa, na vidonge ndani ya mkoba, wakaulize mchangani wanakoanika dagaa. Kadi za wazazi zimerudi, hakuna tena anayeambiwa asubiri meseji peke yake. Na chini ya lile jibu la zamani jukwaani, Winifrida ameandika onyo kwa yeyote atakayelifuata. Amepata alama hasi mbili.

"Safari hii sikuufunga ukurasa," anasema.

Inabaki dakika moja kufika saa kumi. Kwa kawaida hupiga mara moja tu kwa siku. Leo, pengine kwa kuwa tumemzungumzia sana mtoto huyo, anapiga tena.

Simu inaita. Winifrida anaitoa sikioni, anaitazama, anairudisha. Sauti ya mwanamke inapokea, nyuma yake kuna upepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Winifrida, wa zahanati ya Sumbawanga. Hii si simu ya baba Fransiska?"

"Ndiyo, mimi mama yake. Ilikufa betri, leo ndiyo tumeiwekea nyingine."

"Fransiska hajambo?"

"Hajambo. Juzi alianguka kidogo, ila hajambo. Yuko hapo ziwani anaosha sufuria."

Winifrida anasimama, kiti kinaanguka nyuma yake. Mezani kompyuta inaanza kutuma meseji za saa kumi, na kwa mara ya kwanza haitazami.

"Mwite, mama. Habari ya vidonge tutaongea. Mwite atoke majini kwanza."

Mwanamke haulizi kwa nini. Tunamsikia akiita, sauti ikiwa mbali na simu. Anaita mara ya kwanza, halafu ya pili. Winifrida amefumba macho, kalamu imo mkononi juu ya ile mistari kumi na tisa.

Mara ya tatu, kutoka mbali, mtoto anaitika.

"Abee."